Tuwaendee vipi wapinga sigara ili watusaidie kuzuia marufuku ya vepu?

Swali: Nilivuta sigara miaka mingi, nikaacha kwa msaada wa vepu, yaani sigara ya kielektroniki. Sasa kuna muswada unaotaka kupiga marufuku uingizaji na uuzaji wa vepu zote, huku sigara za kawaida haziguswi. Sisi watumiaji tumeunda kikundi kidogo, na nimependekeza tuwaandikie wanaharakati wanaopinga uvutaji wa sigara watuunge mkono. Wenzangu wananicheka, wanasema hao hao ndio walioshinikiza marufuku. Je, inafaa hata kujaribu? Na tukiandika, tuseme nini? Nimekutumia rasimu ya barua.

Jibu: Inafaa, ndugu yangu. Wenzako wana sababu ya kucheka, lakini hawawajui vizuri hao wanaharakati. Shida yangu iko kwenye rasimu. Ikitumwa ilivyo, itasomwa mstari wa kwanza tu.

Mstari wenyewe ni huu: “Kama watetezi wa afya, ni wajibu wenu kuupinga muswada huu unaotunyima haki ya kuchagua bidhaa salama.” Nimefanya kazi ya sera za tumbaku kwa muda wa kutosha, na barua za aina hii nimezisoma nikiwa upande wa pili wa meza. Najua macho ya msomaji yatakwama wapi. “Haki ya kuchagua” ndiyo kauli ambayo kampuni za sigara zilijikinga nayo kwa miongo mingi, kila ilipotungwa sheria ya kuzuia kuvuta ofisini, kwenye vyombo vya usafiri au hospitalini. Mtu aliyepambana na kauli hiyo maisha yake yote ya kazi, akiisoma hakuoni wewe. Anamwona wakili wa kampuni. “Salama” nayo inakufungia mlango, kwa kuwa hakuna mtafiti makini anayeziita vepu salama, hata yule anayezipigia debe waziwazi. Wanachosema ni kwamba madhara yake ni madogo sana ukilinganisha na sigara inayowaka, na hilo ni dai tofauti kabisa. Kuhusu “wajibu wenu”, jiulize mwenyewe ni lini ulimsaidia mtu aliyeanza mazungumzo kwa kukukumbusha wajibu wako.

Kabla hujaandika upya, elewa wanachokiogopa. Januari 1954 kampuni za sigara za Marekani zilichapisha tangazo katika magazeti zaidi ya 400, zikiapa kwamba afya ya watu iko mbele ya jambo lingine lolote na kwamba zitashirikiana kwa karibu na wanaoilinda. Baadaye zikaleta sigara “laiti”, zilizotangazwa kuwa nyepesi. Wavutaji wakadhani wamepata nafuu, kumbe walikuwa wakivuta kwa nguvu zaidi na kuziba kwa vidole vitundu vidogo vilivyo kwenye kichungi, wakiingiza kifuani lami ile ile ya moshi. Ilichukua mpaka 2006 ndipo Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya shirikisho mjini Washington akaandika hukumu ndefu kwamba kampuni hizo ziliudanganya umma kwa makusudi kwa miongo kadhaa, ikiwemo kuhusu hizo laiti. Halafu Desemba 2018, kampuni ya Altria inayouza Marlboro nchini Marekani ikanunua asilimia 35 ya Juul, kampuni ya vepu, kwa dola bilioni 12.8. Mtu aliyeishi na historia hiyo akisikia “bidhaa mpya yenye madhara madogo” anakumbuka laiti. Hajakosea kukumbuka.

Hata hivyo, wapinga sigara hawana msimamo mmoja, na hapo ndipo nafasi yenu ilipo. Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London ndicho kilichotoa ripoti maarufu ya 1962 iliyowaambia Waingereza kwamba sigara inaua. Chuo hicho hicho, mwaka 2016, kilishauri kwamba vepu zihimizwe kwa wavutaji kama mbadala wa sigara. Shirika la ASH la Uingereza, ambalo chuo hicho kililianzisha 1971, awali lilitaka vepu zidhibitiwe kama dawa. Kadiri ushahidi ulivyoongezeka likasogea, na leo linatetea zibaki kupatikana kwa watu wazima huku likishinikiza majina na rangi zinazovutia watoto ziondolewe. Hao ni wapinga sigara wa kweli, na hakuna anayeweza kuwaita vibaraka.

Upande wa pili kuna Campaign for Tobacco-Free Kids, shirika la Marekani la kuwakinga watoto na tumbaku, linalotaka bidhaa zote zenye ladha, ziwe za tumbaku au vepu, ziondolewe sokoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo, Desemba 2023, lilizitaka nchi zichukue hatua kali, na zile zilizopiga marufuku zisimamie marufuku hiyo ipasavyo. Brazili, Thailand, Singapore na India zote zimepiga marufuku uuzaji. Kwa hiyo usiende ukidhani kila mpinga sigara anangoja tu kuelimishwa. Wengi wamesoma tafiti zile zile ulizosoma wewe na wakafika kwingine, kwa kuwa wanawapima watoto kwanza na wavutaji baadaye.

Chagua basi wa kumwandikia. Anza na wale wanaokaa na wavutaji ana kwa ana: wauguzi na washauri wa kliniki za kuacha sigara, madaktari wa mapafu, watu wa huduma za simu za ushauri. Hao wameona mtu akijaribu plasta za nikotini, akajaribu chingamu, akajaribu dawa, na bado anarudi kwenye pakiti. Vikundi vilivyoanzishwa na wazazi kwa hofu ya vepu shuleni viwe vya mwisho kwenye orodha yenu, au msiviandikie kabisa. Kabla ya kumwandikia yeyote, tafuta taarifa walizotoa siku za nyuma. Shirika lililowahi kutamka, hata kwa sentensi moja, kwamba mvutaji asiyeweza kuacha nikotini asaidiwe kuacha moshi, limeshawafungulia mlango nusu.

Sasa lililo muhimu kuliko yote: mnaomba nini? Rasimu yako inaomba “mpinge marufuku”. Ombi hilo ni kubwa mno. Shirika la kupinga sigara likisimama hadharani kupinga marufuku ya bidhaa ya nikotini, kesho yake litaulizwa na wafadhili, na wenzao wa mashirika mengine, na waandishi wa habari, limenunuliwa na nani. Waombeni kitu ambacho wanaweza kukisema bila kujieleza: kwamba sheria isiifanye vepu iwe ngumu kupatikana kuliko sigara. Basi. Mpinga sigara yeyote anaweza kuisimamia sentensi hiyo, kwa sababu ukiigeuza ni lawama kwa sigara, na kuilaumu sigara ndiyo kazi yake ya kila siku.

Tena muswada wenu wenyewe umewapa hoja. Unaondoa bidhaa isiyowaka na kuiacha inayowaka ikiendelea kuuzwa. India ilifanya hivyo hivyo mwaka 2019: vepu zikazuiwa kwa amri ya haraka ya Septemba kisha sheria ya Desemba, sigara na bidi, yaani sigara ndogo za kusokotwa kwa jani, zikabaki madukani. Waulizeni mnaowaandikia, kwa adabu, kama wanafurahia sheria inayoipa sigara soko bila mshindani. Nijuavyo, wengi hawafurahii. Wameunga mkono muswada kwa sababu ndio uliokuwepo mezani.

Kwa hiyo wekeni kitu kingine mezani. Hapa ndipo vikundi vingi vya watumiaji huanguka, kwa kuwa huenda na “hapana” tupu. Mfano mzuri ni Umoja wa Ulaya. Tume ya Ulaya ilipendekeza vepu nyingi zipitie njia ya dawa, jambo ambalo lingeziondoa karibu zote sokoni. Watumiaji wa kawaida waliwaandikia wabunge kwa wingi, kila mtu akisimulia alivyoacha sigara, na Oktoba 2013 Bunge la Ulaya likalikataa pendekezo hilo. Lakini halikuacha uwanja wazi. Sheria ya 2014 iliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita, chupa za kujazia zisizozidi mililita 10, onyo kwenye pakiti, na ikabana matangazo. Watumiaji wengi walinung’unikia masharti hayo, na baadhi yana kasoro kweli. Ila vepu zilibaki halali, na wapinga sigara wengi waliweza kuishi nayo.

Nanyi andikeni mnachokubali: umri wa kununua, leseni kwa muuzaji, kikomo cha nikotini, marufuku ya matangazo, pakiti zisizo na vikaragosi, majina ya ladha yasiyo ya peremende. Zile za kutumia na kutupa mzijadili kwa uzito, maana ndizo rahisi kuingia mikononi mwa watoto. Uingereza, pamoja na urafiki wake wote na vepu, ilizipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2025. Baadhi ya wanachama wenu watasema mnauza nusu ya nyumba. Wajibuni kwamba muswada uliopo unachukua nyumba nzima.

Suala la watoto liwe aya ya kwanza au ya pili ya barua, msilisukume chini. Mwaka 2019 utafiti wa kitaifa wa Marekani ulikuta asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu wametumia vepu ndani ya siku 30 zilizopita. Hiyo ndiyo picha iliyo kichwani mwa unayemwandikia, iwe anaitaja au haitaji. Kufikia 2024 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 7.8, na Marekani haikuwa imepiga marufuku vepu zote. Ilipandisha umri wa kununua hadi miaka 21 na kuzibana bidhaa nyingi zenye ladha. Itumieni takwimu hiyo kwa uangalifu. Inaonyesha kwamba idadi inaweza kushuka bila marufuku kamili, lakini haionyeshi kwamba tatizo lilikuwa la kubuni. Ukimwambia mzazi au daktari wa watoto kwamba “ni hofu tu”, mazungumzo yameisha.

Kuhusu ushahidi, punguza. Rasimu yako ina viambatisho vingi mno, vingine vikitoka kwa wauzaji. Viwili vinatosha. Cha kwanza ni mapitio ya Cochrane, yanayokusanya majaribio kutoka nchi nyingi na kusasishwa mara kwa mara; tangu 2022 yanasema kwa uhakika wa juu kwamba vepu zenye nikotini huwasaidia watu wengi zaidi kuacha sigara kuliko plasta na chingamu. Cha pili ni jaribio la Uingereza lililochapishwa 2019 likiwa na wavutaji 886. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa tiba za kawaida za nikotini. Jaribio hilo hilo lina upande wa pili ambao lazima muutaje wenyewe: kati ya walioacha sigara kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanatumia vepu mwaka ulipoisha. Unayemwandikia anaijua namba hiyo. Akiikuta kwenye barua yenu, atasoma ukurasa unaofuata kwa roho nyingine.

Ile “asilimia 95” iondoe kwenye kichwa cha barua. Ni kweli shirika la afya ya umma la Uingereza, Public Health England, lilisema 2015 kwamba vepu zina madhara pungufu kwa takribani asilimia 95 kuliko sigara. Lakini namba yenyewe ilitokana na makadirio ya jopo la wataalamu, haikutoka kwenye vipimo vya wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka, na imekuwa ikibishaniwa tangu siku ile. Ukiitanguliza utatumia mkutano mzima kuitetea. Hoja ya msingi haihitaji asilimia yoyote: kinachoua kwenye sigara kwa sehemu kubwa ni moshi wa kuungua, yaani lami na kaboni monoksaidi na maelfu ya kemikali, na vepu haichomi tumbaku. Nikotini inabaki, inafunga mtu, si kitu cha mtoto wala mjamzito, na hakuna aliyetumia vepu kwa miaka 50 ili tumpime. Semeni hayo yote. Wala usishangae wakiuliza kuhusu watu walioumwa mapafu Marekani mwaka 2019. Wagonjwa zaidi ya 2,800 walilazwa na 68 walikufa kufikia Februari 2020, na kisababishi kilichothibitika zaidi kilikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi, vingi vikiwa vya mtaani. Jibu liwe fupi namna hiyo, kisha ongeza kwamba bidhaa isiyokaguliwa ndiyo inayobaki baada ya marufuku. Australia ilibana vepu hadi zikawa za duka la dawa tu tangu Julai 2024, na soko la magendo limekuwa kubwa kiasi cha magenge kuchomeana maduka moto katika ugomvi wa tumbaku na vepu haramu.

Fedha. Hili ndilo swali la kwanza watakalouliza, na wana mkataba unaowaambia waulize: Ibara ya 5.3 ya mkataba wa kimataifa wa WHO wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa 2003 na kuanza kutumika 2005, inataka sera za afya zilindwe dhidi ya maslahi ya kampuni za tumbaku. Mwaka 2017 kampuni ya sigara ya Philip Morris International ilitangaza kufadhili taasisi ya “dunia isiyo na moshi” kwa karibu dola milioni 80 kila mwaka. WHO ikasema haitashirikiana nayo na ikazitaka serikali zifanye hivyo hivyo. Kikundi chenu kidogo kitapimwa kwa kipimo hicho hicho. Andikeni ukurasa mmoja unaotaja kila mchango mliopokea, umetoka kwa nani, na kwamba hampokei chochote kutoka kampuni ya tumbaku. Umeniandikia kwamba mwenye duka la vepu ndiye aliyelipia uchapishaji wa vipeperushi. Mrudishieni fedha yake kabla hamjatuma barua. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini ajitetee kwa jina lake na kwa barua yake; wauzaji wana hoja zao na kamati ya bunge inayoupitia muswada itawasikiliza kama wauzaji. Akisaini yenu, nayo imekuwa ya wauzaji.

Baada ya hapo, simulizi zenu ndizo mtaji. Ziwe fupi na zenye vitu vinavyoweza kuhakikiwa: ulivuta pakiti ngapi kwa siku, ulijaribu njia gani kabla, uliacha lini, leo unatumia nguvu gani ya nikotini, na kama una mpango wa kuishusha. Mwenye kipimo cha kaboni monoksaidi cha pumzi akiambatishe. Ni kifaa kidogo kilichopo kwenye kliniki nyingi za kuacha sigara. Unashikilia pumzi sekunde kadhaa, unapuliza, kinasoma. Mvutaji wa kila siku kwa kawaida hupita 10 kwenye skrini, na aliyehamia vepu kabisa husoma kama asiyevuta. Nimewahi kuona daktari aliyekaa mikono kifuani mkutano mzima akainama kuitazama namba hiyo. Kama miongoni mwenu wapo wanaovuta vyote viwili, sigara asubuhi na vepu jioni, msiwafiche, lakini wasiwe wasemaji wenu. Kuchanganya hivyo hakumpunguzii mtu madhara kwa kiasi cha maana, na wapinga sigara wanaliona kama ushahidi dhidi yenu.

Mwanzo wa barua, kama ningekuwa mimi, ungekwenda hivi:

“Tunaandika kama watu ambao kazi yenu ilitusaidia. Tuliacha sigara kwa sababu ya maonyo mliyoyapigania, na wengi wetu tulifika huko kwa kutumia vepu baada ya njia nyingine kushindikana. Tunakubaliana nanyi kwamba bidhaa hizi hazipaswi kumfikia mtoto, na ukurasa wa pili unaeleza masharti tunayoyaunga mkono. Hatupokei fedha kutoka kampuni ya tumbaku wala ya vepu. Muswada uliopo unaondoa vepu na kuiacha sigara. Tunaomba dakika 30 za muda wenu, na tunaomba mfikirie kuiambia kamati jambo moja: kwamba sheria isiifanye vepu iwe ngumu kupatikana kuliko sigara.”

Ona kwamba haimlaumu mtu, na ombi liko wazi kiasi cha kujibiwa ndiyo au hapana. Mkataba ule ule wa WHO, katika Ibara ya 1, unaitaja mikakati ya kupunguza madhara kama sehemu ya udhibiti wa tumbaku. Utajeni mara moja ndani ya barua, bila kushangilia. Wanaujua kwa moyo.

Majibu yatakuwa mchanganyiko. Wengine hawatajibu. Wengine watawaambia pembeni kwamba wanakubaliana nanyi lakini hawawezi kusaini. Msiwaanike, wala msinukuu mazungumzo ya faragha mbele ya kamati. Ombeni walau wasitoe ushahidi wa kuunga mkono kifungu cha marufuku, au wapendekeze marekebisho badala yake. Katika siasa za muswada, shirika linaloheshimika likikaa kimya kwenye kifungu kimoja, mbunge anaona. Na wadhibitini wenzenu mtandaoni. Watafiti na wanaharakati wa tumbaku wametukanwa sana na watumiaji wa vepu, tena kwa majina, na matusi ya mwanachama mmoja yakipigwa picha yatawasilishwa kwenye kikao chenu cha kwanza.

Tumeni barua wiki kadhaa kabla ya muda wa maoni kufungwa, kwa kuwa mashirika hupitisha msimamo kwenye vikao vyao vya bodi na vikao hivyo havifanyiki kila siku. Maoni yenu wenyewe kwa kamati yapelekeni bila kungoja jibu lao. Ule ukurasa wa fedha uwekeni juu kabisa, kabla ya simulizi na kabla ya tafiti, maana watautafuta huo kwanza.